Aliyemfuata mtoto nyumbani: historia ya nesi wa shule

Mwaka 1897 Idara ya Afya ya jiji la New York iliajiri madaktari 150 na kuwagawa mashuleni. Kila mmoja alitakiwa kufanya kazi saa moja kwa siku, kwa ujira wa dola 30 kwa mwezi. Daktari alifika asubuhi, akaletewa watoto ambao walimu waliwatilia shaka, akawatazama kichwa, macho, koo na mikono, na aliyeonekana ana ugonjwa wa kuambukiza akarudishwa kwao. Kisha daktari akaenda zake. Nani atamweleza mzazi, nani atahakikisha dawa inatumika, na mtoto atarudi lini darasani, hayo hayakuwa kazi ya mtu yeyote.

Nesi wa shule alitokana na pengo hilo. Nalisema mapema kwa sababu wengi wetu tukisikia habari zake tunamfikiria mtu wa kumfunga bendeji aliyeanguka uwanjani na kumpa panadol anayelalamika kichwa. Kazi hizo zipo, na zina maana yake. Lakini historia yake ilianza na swali jingine kabisa: mtoto aliyeondolewa shule kwa sababu ya ugonjwa anarudije?

Majibu ya kwanza yalitafutwa London. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Amy Hughes, aliyekuwa akiwasimamia manesi wanaotibu maskini majumbani, alianza kwenda kwenye shule moja ya Drury Lane kuwatazama watoto. Mwaka 1898 kikaundwa chama cha manesi wa shule kilichoishi kwa michango ya wahisani, na mwaka 1904 baraza la jiji likaanza kuajiri wa kwake. Nyuma ya yote hayo kulikuwa na hofu ya taifa zima: vita vya Makaburu vilikuwa vimewaonyesha Waingereza ni vijana wangapi wa mitaa ya maskini wasiofaa hata kubeba bunduki. Sheria ya mwaka 1907 ikalazimisha wanafunzi wakaguliwe afya nchi nzima.

Hata hivyo mahali ambapo kazi hii ilipimwa na kuthibitishwa mbele ya macho ya watu ni New York, katika mtaa wa Lower East Side. Wahamiaji kutoka Urusi, Poland, Romania na Italia walibanana humo katika majengo ya ghorofa ambayo vyumba vyake vingi havikuwa na dirisha, na wengi hawakujua Kiingereza. Mwaka 1893 nesi kijana aliyeitwa Lillian Wald alihamia mtaani humo pamoja na mwenzake Mary Brewster. Wakapanga juu kabisa ya jengo moja la Jefferson Street, wakaanza kupanda na kushuka ngazi za watu wakiuguza wagonjwa. Miaka miwili baadaye walipata nyumba Henry Street, na jina la mtaa huo likawa jina la taasisi yao.

Katika kitabu chake cha mwaka 1915 Wald anaeleza alivyokutana na mvulana aitwaye Louis. Mlango wa jengo la uani ulikuwa wazi. Ndani mwanamke amesimama mbele ya beseni la kufulia, mtoto mchanga analia kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia unasugua aproni za wauza nyama. Kufua aproni hizo ndiko kulikomlisha. Louis alikuwa na miaka 12 na hakuwahi kukubaliwa shule hata siku moja, kwa sababu ya maradhi ya ngozi kichwani. Kila akienda, anarudishwa. Zahanati alishakwenda mara nyingi. Mwenyewe aliinamisha kichwa kwa aibu kwamba kijana mkubwa vile hajui kusoma majina ya mitaa kwenye nguzo za taa.

Wald hakuleta tiba mpya. Yalihitajika marhamu yaleyale ya zahanati, ila yapakwe inavyotakiwa. Ilipofika Septemba Louis akaandikishwa. Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, alipandisha ngazi za ghorofa tano mbio hadi kwa Wald kumtajia herufi kwa herufi maneno aliyofundishwa siku ile.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu ya kile ambacho hakikukosekana. Dawa ilikuwepo, zahanati ilikuwepo, shule ilikuwepo, na mama alikuwepo, tena mama anayehangaika. Alikosekana mtu mmoja tu wa kuviunganisha vyote hivyo, mwenye muda wa kukaa na mama yule akiwa na mtoto mkononi na kumwonyesha: paka hivi, funga hivi, rudia kesho.

Wald alijua pia kwamba ukaguzi ulihitajika. Aliwahi kumkuta darasani mvulana aliyekuwa anatoka katika homa ya skaleti, ugonjwa uliowaua watoto wengi wakati ule, ngozi ikimbambuka vipande vipande, naye anaibandua mbele ya wenzake ili washtuke. Alikifikisha kisa hicho kwa mkuu wa Idara ya Afya. Kwa hiyo madaktari wa mwaka 1897 walipoajiriwa yeye hakuwapinga. Alichokiona baadaye ni kwamba nusu ya kazi ilikuwa imefanywa, na nusu hiyo peke yake ilikuwa inaumiza.

Mambo yalifika ukingoni mwaka 1902. Kamishna mpya wa afya, Ernst Lederle, aliwataka madaktari wakague kwa makini zaidi, hasa vikope, ugonjwa wa macho unaoenea kwa uchafu wa mikono, vitambaa na nzi na unaoweza kupofusha. (Ndio huohuo uliowatesa watu wa Kongwa, Dodoma, ambako watafiti wa miaka ya 1980 na 1990 walionyesha kwamba mtoto anayenawishwa uso hapatwi na ugonjwa mkali kwa urahisi kama mwenzake.) Ukaguzi ulipokazwa, madarasa yakaanza kuwa matupu. Mwezi Septemba 1902 peke yake watoto 10,567 waliondolewa shuleni New York. Wengi hawakuwa na ugonjwa wa kutisha. Walikuwa na chawa, upele, mapunye, vidonda vya usaha usoni, macho mekundu. Jioni walicheza barabarani na haohao waliobaki darasani, vichwa vimegusana juu ya gololi, wakaambukizana kama kawaida. Shule ilipoteza wanafunzi, na ugonjwa haukupotea.

Yeyote aliyesoma shule ya msingi kwetu anaijua sura ya jambo hili. Jumatatu asubuhi mstarini, mwalimu wa zamu anapita na kukagua kucha, nywele, kola ya shati. Mwenye mapunye anaambiwa akanyolewe, mwenye upele anaambiwa asirudi mpaka apone. Mwalimu yule ana watoto wengi kuliko madawati, na hana cha kumpa mtoto zaidi ya amri ya kurudi kwao. Simlaumu. Amebebeshwa kazi ya daktari wa mwaka 1897 juu ya ile ya kufundisha.

Huko New York, Wald akaipa serikali ya jiji pendekezo. Atatoa nesi mmoja kutoka Henry Street kwa mwezi mmoja, gharama juu ya taasisi yake, afanye kazi katika shule nne zenye wanafunzi wapatao 10,000. Mwezi ukiisha na matokeo yakaonekana, jiji litalipa lenyewe. Nesi aliyechaguliwa ni Lina Rogers, Mkanada aliyesomea uuguzi katika hospitali ya watoto ya Toronto. Alianza tarehe 1 Oktoba 1902.

Hakukuwa na chumba kilichomsubiri. Vidonda alivisafishia popote alipopewa nafasi. Alikaa kama saa moja katika kila shule, akawapokea watoto ambao daktari amewaona, akawahudumia palepale, na mwenye tatizo dogo akarudi darasani kabla somo halijaisha. Upele ulipakwa marhamu ya salfa. Vidonda vya usaha viliondolewa magamba, vikaoshwa na kupakwa dawa.

Maelekezo ya chawa yaliyotolewa kwa akina mama katika miaka ile yanaonyesha jinsi kazi hii ilivyopimwa kwa hali ya jikoni kwao. Changanya mafuta ya taa na mafuta ya zeituni kiasi sawa, paka kichwani, funga kitambaa usiku kucha. Asubuhi osha kwa sabuni na maji ya moto, kisha pitisha kitana chenye meno membamba kilichochovywa kwenye siki ili mayai yaachie nywele. Leo hakuna nesi atakayeshauri kumpaka mtoto mafuta ya taa, maana yanaunguza ngozi na yanashika moto. Lakini tazama maelekezo yenyewe: kila kilichotajwa kilipatikana dukani mtaani, na kila hatua ina wakati wake. Mama aliyetoka kazini usiku angeweza kuifuata.

Baada ya saa za shule Rogers alienda majumbani. Hapo ndipo kazi yake ilipoachana kabisa na ya mkaguzi. Alipanda ngazi, akabisha, akaeleza kwa ishara pale Kiingereza kilipogoma, akaonyesha dawa inavyopakwa kisha akamwachia mama naye ajaribu mbele yake. Huko ndiko yalikojulikana mambo yasiyoonekana darasani: mtoto hajaja shule kwa sababu hana viatu, au kwa sababu mama yuko kazini na yeye analea wadogo zake. Hakuna daktari ambaye angeyagundua hayo kwa kumtazama mtu koo.

Mwezi ulipoisha jiji lilikubali. Bodi ya Afya ikatenga fedha, manesi 12 wakawa kazini kabla mwaka haujaisha, na mwaka uliofuata wakaongezwa, Rogers akiwa msimamizi wao. Septemba 1903 watoto walioondolewa shuleni walikuwa 1,101.

Tarakimu hizi mbili, 10,567 na 1,101, zimerudiwa katika vitabu vya uuguzi kwa zaidi ya karne, na mara nyingi zinasomwa vibaya. Chawa wa New York hawakupungua mara kumi ndani ya miezi 12. Kilichobadilika ni kwamba mtoto mwenye chawa hakulazimika tena kuchagua kati ya tiba na darasa. Ugonjwa ulitibiwa huku akiendelea kusoma, na walioondolewa walibaki wale ambao kweli wangewahatarisha wenzao, wenye dondakoo, surua, skaleti. Hayo yalikuwa mafanikio ya elimu kwanza, na ya afya pia. Nadhani ndiyo sababu jiji liliyaona upesi.

Wazo likasambaa. Kufikia mwaka 1911 miji 102 ya Marekani ilikuwa na manesi wa shule 415. Rogers alirudi Kanada, akasimamia manesi wa shule wa Toronto kuanzia mwaka 1910, na mwaka 1917 akachapisha kitabu cha kuwaongoza waliomfuata.

Lakini historia hii ina ukurasa mchungu, na kwetu una jamaa yake wa karibu.

Juni 1906, Lower East Side hiyohiyo, madaktari waliletwa katika shule moja kuwafanyia watoto upasuaji mdogo wa nyama za puani, zinazomfanya mtoto apumue kwa mdomo na kusinzia darasani. Wazazi wa watoto wale walikuwa wametia saini. Siku chache baadaye uvumi ukazagaa: madaktari wanawachinja watoto shuleni. Tarehe 27 maelfu ya akina mama walikimbilia shule mbalimbali za mtaa huo, wakavunja madirisha, wakadai watoto wao. Polisi waliitwa. Wengi wa wanawake wale walikuwa Wayahudi waliokimbia mauaji huko Urusi. Kwao, habari kwamba serikali inawachinja watoto haikuwa ndoto ya ajabu. Hasira yao ilikuwa na historia.

Mwaka 2008, Morogoro. Zoezi la kuwapa wanafunzi dawa za kichocho na minyoo lilifika katika shule za msingi. Dawa ya kichocho ikimezwa tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na watoto wengi huja shule bila kunywa hata chai. Baadhi waliugua. Uvumi ukaenda mbio kuliko gari la idara: watoto wanakufa, vidonge ni vya kufunga uzazi. Wazazi wakavamia shule, polisi wakaitwa, zoezi likasimamishwa. Wanazuoni waliochunguza tukio lile walikuta kwamba wazazi wengi hawakuwa wameelezwa vya kutosha ni nini kinatolewa na kwa nini.

Ni rahisi kusema watu hawana elimu. Naona si kweli, na si haki. Mzazi wa Morogoro na mzazi wa New York walifanya jambo lilelile ambalo mzazi yeyote angelifanya akisikia mwanawe anaguswa na mgeni asiyemjua, kwa dawa asiyoijua, siku ambayo hakuambiwa. Nesi aliyezoeleka mtaani, aliyewahi kukaa kwenye kigoda cha mama yule akimtibu mtoto wake mdogo upele, asingezuia kila uvumi. Lakini angekuwepo mtu wa kuulizwa kabla mawe hayajaokotwa.

Hilo ndilo ninaloona tumelikosa. Afrika Mashariki imejifunza kufikisha dawa shuleni, na imefanya hivyo vizuri. Wilayani Busia, Kenya, kuanzia mwaka 1998 watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 ambako wanafunzi walipewa dawa za minyoo kwa zamu. Katika ripoti yao ya mwaka 2004 walisema utoro ulipungua kwa robo. Wataalamu wengine wa takwimu walikuja kubishana nao juu ya ukubwa wa baadhi ya matokeo, na mjadala ulikuwa mkali, lakini kazi ile ilisaidia kuisukuma Kenya ianzishe mpango wa taifa wa kutoa dawa za minyoo mashuleni. Mwalimu ndiye anayegawa vidonge. Ni utaratibu wa gharama ndogo na unafika mbali.

Ila kidonge huja siku moja, mara moja au mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki shule nyingi za msingi za serikali hazina nesi. Lipo sanduku la huduma ya kwanza, likiwa na bahati lina pamba na spiriti, na yupo mwalimu wa afya ambaye ana vipindi vyake vya kufundisha. Mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye selimundu, mwenye kisukari anayehitaji kuchomwa insulini, hawa wanaishi kwa huruma ya mwalimu aliye karibu na kwa bahati.

Marekani yenyewe ilichukua miaka mingi kuwafikiria watoto wa namna hii. Sheria ya mwaka 1975 iliagiza kila mtoto mwenye ulemavu apewe elimu ya umma, pamoja na huduma zinazohitajika ili aipate. Ni huduma zipi? Huko Texas wazazi wa msichana aliyezaliwa na mgongo wazi walikwenda mahakamani, kwa sababu mtoto alihitaji kuwekewa mpira wa mkojo kila baada ya saa 3 au 4, na uongozi wa shule ulisema hiyo ni tiba, si elimu. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya nchi iliamua kwamba kazi inayoweza kufanywa na nesi wa shule si kazi ya daktari, na bila kazi hiyo mtoto hawezi kukaa darasani, kwa hiyo shule iifanye. Mwaka 1999 mahakama hiyohiyo ikatumia hoja hiyo kwa mvulana wa Iowa aliyepooza mwili na kupumua kwa mashine: anayehitaji nesi muda wote wa masomo apewe nesi, gharama isiwe kisingizio.

Nikizisoma hukumu hizo namwona Rogers ndani yake, ingawa hatajwi. Hoja ni ileile, kwamba huduma ya afya shuleni inapimwa kwa mtoto aliyeweza kuingia darasani na kubaki humo.

Kwetu watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa siku hizi wanafanyiwa upasuaji, na wengi wanakua. Wakifika umri wa kuanza shule ndipo mlango unapofungwa. Mkojo unavuja, wenzao wanawacheka, mwalimu hajui afanye nini. Mama mwenye moyo hubaki nje ya darasa hadi kengele ya kutoka ili amhudumie mwanawe, na siku hiyo hakuna biashara wala shamba. Asiyeweza humbakiza mtoto nyumbani. Mahakama ya mwaka 1984 ilibainisha kwamba kazi yenyewe ni ya dakika chache, na mtu asiye mtaalamu anaweza kufundishwa kuifanya kwa muda usiofika saa moja. Baadaye mtoto hujifunza kuifanya mwenyewe. Inahitaji mpira safi, maji, sabuni na choo chenye mlango unaofungika. Manesi wa zahanati za kata wanaweza kuifundisha, na kata nyingi zina shule za msingi ambazo nesi huyo angeweza kuzifikia kwa miguu, siku moja ya juma, akaanza na orodha ya watoto ambao hawajaonekana darasani muhula huu.